Barua Niliyoisoma kwa Sauti ya Maalim

Upumbavu wangu wa kwanza mwaka ule ulikuwa huu: nilimsomea mama barua ya chuo kwa sauti ya Maalim Kombo, na nilipofika mahali pabaya nikaruka. Sikupanga kuruka. Naapa, na najua kiapo changu hapa Nguvumali hakinunui hata andazi, lakini sikupanga. Nilikuwa kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kusomea uhandisi wa maji katika chuo kimoja cha ng'ambo kinachochukua vijana wachache wa Afrika na kuwalipia kila kitu, na jibu liliingia kwenye simu Jumamosi asubuhi. Lilikuwa la Kiingereza, fupi, lenye adabu nyingi. Walinishukuru. Waliisifu insha yangu. Kisha wakasema hawanikubali wala hawanikatai. Wanaahirisha uamuzi mpaka waone matokeo yangu ya mwaka wa mwisho, kwa kuwa alama za kidato cha tano na za mtihani wa majaribio nilizowatumia zilikuwa, kwa adabu ileile, za kutia shaka. Huo ndio ulikuwa ukweli wote, na ungetosha sentensi mbili. Mimi nikaufanya hotuba.

Watu huandika kumbukumbu zao wakishaota mvi. Mimi nimeota ndevu saba, na bado naenda kusoma, tena pamoja na wale wanaorudia mtihani, kwenye chumba kimoja mjini chenye feni inayozunguka ikijisikia. Lakini mwezi uliopita tulimzika Maalim Kombo, na siku ya hitma yake nilikuwa napeleka masinia ya pilau kwa wanaume waliokaa barazani. Mzee mmoja akaninyooshea kidole chenye mafuta, akawauliza wenzake, "Huyu si yule wa pilau la barua?" Wakacheka kile kicheko cha msibani, cha puani. Na mimi nikacheka, maana kuchekesha ndiyo kazi yangu mtaani. Kisha nikaenda uani nikanawa mikono muda mrefu, na mikono ilikuwa safi.

Maalim alikuwa jirani yetu wa dirisha kwa dirisha. Alinifundisha Kurani tangu nikiwa na kamasi, na sauti yake ndiyo iliyonipa jina la uchekeshaji. Alikuwa akivuta mwisho wa maneno, akikohoa kabla ya kila jambo zito, na akisema "naam" kama mtu anayefunga droo. Niliweza kuigiza sauti hiyo nyuma ya mlango wa madrasa na watoto wote wakasimama. Yeye mwenyewe alijua. Siku moja alinikuta katikati ya hotuba, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mbwana, umeniongezea kikohozi. Mimi hukohoa mara moja." Akaingia ndani.

Basi Jumamosi ile mama alikuwa jikoni akikanda unga wa maandazi. Mama yangu ni mwosha. Mwanamke akifariki upande wetu huu, mama ndiye huitwa kumwosha na kumkafini. Kwa hiyo watu humwogopa kidogo, huzungumza naye kwa sauti ya chini hata sokoni, na nadhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa namtania. Nikamwambia barua imeingia. Akasema, "Isome," bila kugeuka. Nikakohoa mara mbili. "Naam. Tumeipokea insha yakooo, ewe kijana wa Tanga, na imetufurahishaaa." Nikaona mabega yake yanatikisika. Mama hucheka kwa mabega. Nikaendelea, nikawapamba wale wazungu kwa baraka ambazo hawakuzitaja, na nilipofika kwenye lile neno la kuahirisha nikamtazama, mikono ndani ya unga mpaka vifundoni, anangojea ucheshi mwingine. Nikaruka. "Nasi twangoja matokeo yako ya mwisho ili tukupokeeee. Naam."

Nilikuwa nimempimia pumzi moja ya kufurahi, kisha ningesema nakutania. Nilikwisha kumfanyia hivyo mara nyingi na alikuwa akinirushia chochote kilicho karibu. Safari hii hakurusha kitu. Aliliweka beseni chini, akaelekea kibla, ambayo kwa jiko letu ni upande wa gunia la mkaa, akaanguka kusujudu pale pale sakafuni, vidole vimejaa unga. Akakaa chini muda mrefu. Nilisimama na simu mkononi, na sijui mpaka leo ni vipi unamwambia mtu aliye kwenye sijda kwamba ulikuwa unatania. Alipoinuka alikuwa na vumbi la mkaa kwenye paji la uso, macho mekundu. Akasema, "Nilikuwa na nadhiri."

Siku niliyomaliza mtihani wa majaribio, mama alikuwa amemwahidi Mungu kwamba nikipata chuo atachinja mbuzi awalishe watoto wa madrasa. Hakuniambia, maana nadhiri ni jambo la mtu na Mola wake, na ulichoomba kikija unalipa, hukai nayo. "Ijumaa hii," alisema. Nikamwambia, "Mama, si tungoje matokeo kwanza?" Akanitazama kama nimetukana. "Tungoje nini, na wenyewe wamesema wanakupokea? Wataka Mungu anione mie mtu wa kumzungusha?" Huo ulikuwa mlango, tena ulikuwa wazi kabisa, nami nikasimama mbele yake nikikuna kichwa. Nikasema, "Sawa, mama." Akarudi kwenye unga.

Shangazi Tatu alikuja kutoka Mwera Alhamisi na mbuzi, beberu wa kahawia mwenye sikio moja lililokatika ncha. Akafungwa ubavuni mwa nyumba, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumkatia majani. Katika nyumba nzima ni mimi tu niliyejua kwamba anakwenda kufa kwa barua isiyokuwepo, na kila nikimpelekea majani alikuwa ananitazama kwa yale macho yao ya pembeni. Ijumaa asubuhi Maalim akaniita kwake. Sebule yake ilikuwa na saa ya ukutani iliyochelewa dakika ishirini, cherehani ya marehemu mkewe iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na harufu ya udi juu ya harufu ya mafuta ya taa. "Lete hiyo barua niione," alisema. "Nataka niwasomee watoto baada ya dua, wapate hamu."

Kabla ya kuwa mwalimu wa madrasa, Maalim alikuwa karani bandarini miaka mingi. Kiingereza chake kilikuwa kimepigwa pasi. Nilisema simu haina chaji. Akanyoosha mkono tu. Akavaa miwani, akaisoma mara mbili, midomo inacheza, kisha akaivua miwani akaifuta kwa shuka ya kiunoni ingawa haikuwa na kitu.

"Mama yako ameisoma?"

"Nilimsomea mimi."

"Kwa sauti yangu?"

Nikaitazama saa yake ya ukutani. Akakohoa mara moja.

"Mbwana, mwenye nadhiri hudaiwa alichoomba kikishafika. Hiki hakijafika. Leo mama yako anatoa sadaka, na Mungu ataipokea, lakini nadhiri yenyewe bado. Ukipata chuo atachinja tena. Unanielewa? Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

Nikamwambia nitamwambia mwenyewe. Akauliza lini. Nikasema, kwa ushujaa wa mtu anayekaribia kulia, kwamba anipe mpaka matokeo yatoke, nitafaulu, na nikifaulu itakuwa kweli na hapatakuwa na cha kusema. Nje tulisikia vyombo, na Shangazi Tatu akimwuliza mama mchele umeoshwa mara ngapi. Maalim alikwenda dirishani. Dirisha lake linatazamana na la jiko letu, uchochoro katikati, upana wa mtu na ndoo. Alimtazama mama pale jikoni, kanga kifuani, jasho usoni, anaimba kitu. "Sitasema," aliniambia. "Usidhani ni kwa ajili yako. Sina ulimi wa kumwendea yule pale saa hii."

Baada ya swala ya Ijumaa watoto wakala mpaka wakalegea. Maalim hakusoma barua. Alisema miwani yake imepotea, na ilikuwa mfukoni, naiona. Akainua mikono kuomba dua. Aliomba mvua, akawaombea wagonjwa, kisha akanishika kichwa mbele ya watu wote, mkono wake mzito, akasema, "Na huyu, ewe Mola, umpe anachostahili." Watoto wakaitikia amin. Mama aliitikia kutoka mlangoni, kwa nguvu kuliko wote.

Kuanzia wiki ile Maalim alinitaka kwake kila siku baada ya alasiri. Hakujua Fizikia wala Kemia. Alikaa kwenye kiti chake na tasbihi, akinitazama mimi na daftari kama askari magereza, na nikiinua macho anasema, "Endelea." Nikianza mzaha haitikii. Mama aliona ni hisani kubwa. Alikuwa akipitisha chai ya tangawizi dirishani, chupa nzima, na maandazi yaliyofunikwa sahani, akisema, "Maalim, Mungu akulipe kwa mwanangu," na Maalim akipokea alikuwa anaiangalia sahani, si uso wa mama. Sijawahi kumwona akila hata andazi moja katika yale. Niliyala mimi. Leo nikikumbuka miezi ile ndicho kinachonirudia kwanza, kwamba mzee wa watu alikuwa anaona haya kwa niaba yangu, na mimi natafuna.

Mwezi Aprili, mchana mmoja wa joto, nilikuwa nimelala chumbani. Kuta za vyumba vyetu hazifiki darini, kwa hiyo hakuna siri katika nyumba yetu, kuna kujifanya umelala tu. Mama na Shangazi Tatu walikuwa wanachambua mchele upande wa pili. Shangazi akamwuliza atabaki na nani nikiondoka. Mama akaupepeta mchele mara mbili tatu. Kisha akasema, "Wifi, siku ile aliponisomea ile barua nilianguka kusujudu, kweli nashukuru. Lakini nilikaa chini vile ili asinione ninavyolia. Mie nikirudi kuosha, mikono yanuka kafuri, chakula hakipiti. Huyu huanza upuuzi wake, ataniiga nilivyoingia, ataniiga maiti mwenyewe, astaghfirullah, mpaka nacheka. Nikishacheka ndipo naweza kula." Shangazi akasema, "Basi mwambie asiende." Mama akasema, "Nimwambie nini, na nadhiri nimeshalipa?"

Nilikuwa nimelala chali nikitazama boriti. Ningeweza kuinuka, kuzunguka ukuta, na kusema: mama, siendi, hakuna safari, barua haikusema hivyo. Pengine angefurahi hata. Pengine kile kingekuwa kichekesho bora kuliko vyote nilivyowahi kumfanyia. Lakini alikuwa amekwisha kuwaambia watu, katika kila nyumba aliyokwenda kuosha. Wanawake walikuwa wanamwuliza habari za mwanawe wa ng'ambo huku wakimpokea ndoo za maji, na yeye anawajibu. Mtu anayeogopwa kidogo alikuwa amepata jambo la kuulizwa kwa furaha. Nikajigeuza upande, nikakoroma kidogo, kwa ufundi.

Mtihani ulikuwa Mei. Sitajitetea. Sikuumwa, hakuna mvua iliyonizuia, maswali hayakuwa magumu kuliko ya miaka mingine. Nilikuwa nimetumia miaka miwili kulichekesha darasa, na miezi mitatu kwenye sebule ya Maalim haikutosha kuirudisha. Karatasi ya pili ya Hisabati niliielewa nusu, na hiyo nusu nikaifanya vizuri sana, kwa mwandiko mzuri. Matokeo yalitoka Julai. Daraja la tatu. Niliyaona nikiwa nimesimama nje ya duka la vocha, na muuza duka, ambaye ni rafiki yangu, akaniuliza kwa nini leo sisemi kitu.

Mama alikuwa amekwenda kuosha mtaa wa pili. Alirudi kabla ya magharibi, akaiweka mikono kwenye beseni la maji ya ndimu kama kawaida yake, akangoja. Sasa najua alikuwa akingoja nimuige. Nikamwambia. Nilianza na matokeo, kisha nikarudi nyuma mpaka Jumamosi ile ya unga, na njiani sikupata pa kuweka mzaha hata mmoja. Mikono yake ilibaki ndani ya maji. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo nilimlipa Mungu asichonidai." Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Ningeweza kusema hakuna. Kati ya siku zote, siku hiyo nikachagua kusema kweli yote. "Maalim. Aliisoma Ijumaa ile, asubuhi."

"Kabla ya dua?"

"Kabla ya dua."

Akaitoa mikono majini. Chupa ya chai ya Maalim ilikuwa kwetu, ile nyekundu yenye mfuniko uliopasuka, maana siku hizo chupa zetu zilikuwa zinavuka uchochoro kama za nyumba moja. Akaifuta nje na ndani, akanipa. "Mrudishie." Kisha akalivuta dirisha la jiko akalifunga, na joto lote la jiko, tangu Julai na miezi iliyofuata, tulipika nalo ndani.

Chuo kiliandika mwezi wa nane. Mama alikaa kitandani akaniambia, "Isome. Kwa sauti yako." Nikaisoma. Wanasikitika, wananitakia heri. Alisikiliza mpaka jina la aliyetia sahihi, akatikisa kichwa, akaniuliza kama nimekula. Kwangu mimi mambo yaliishia hapo. Kesho yake alinipeleka mwenyewe kujiandikisha kurudia mtihani, akasimama foleni na akina mama wengine, na mmoja alipomwuliza habari ya ng'ambo akajibu, "Wameahirisha," neno nililoliruka, akalisema bila kutikisika.

Kwa Maalim hayakuishia. Tangu nizaliwe, Maalim akirudi msikitini alfajiri alikuwa akipita uchochoroni na kutoa salamu dirishani petu, "Asalaam aleikum, Mwanahawa, mmeamkaje?" na mama akiitikia kutoka jikoni. Sasa dirisha limefungwa, na yeye akapita vilevile, akasimama vilevile, akatoa salamu kwenye mbao. Mama alikuwa ndani, hatua mbili. Sikuwahi kumsikia akiitikia. Mama yangu, anayejua masharti yote ya maji na sanda, anayewagombeza wanawake wazima kwa kuruka dua moja, anajua kuliko mimi kwamba kutoa salamu ni hiari na kuitikia ni lazima. Nikaitikia mimi, mara ya kwanza na ya pili; ya tatu akanikata jicho, nikaacha. Niliwahi kumwambia, "Mama, alinyamaza kwa kukuonea huruma." Akasema, "Alinisomea dua usoni huku anajua. Wewe mtoto. Yeye nini?" Nikaenda kwa Maalim kumwomba aje ajieleze. Alikuwa amekonda, saa yake imesimama kabisa. Akasema, "Nitajieleza vipi? Anavyodhani ndivyo ilivyo." Akaniambia nikae nisome, kwa kuwa nimeshafika. Nikasoma mpaka magharibi, bila chai.

Miezi tisa. Alifariki Jumanne baada ya adhuhuri, amekaa kwenye kiti chake; watoto wa madrasa ndio waliomkuta. Walipomtoa nje kumswalia, imamu akauliza kama kawaida: mwenye kumdai marehemu chochote aseme, na mwenye kinyongo naye amsamehe. Sisi wanaume tukaitikia kwamba tumemsamehe. Ndani wanawake nao wakaitikia. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha lao. Naijua sauti ya mama hata ikiwa ndani ya sauti mia moja, na ile sauti yao niliisikiliza mpaka ikaisha, yake haikuwemo.

Siku ya hitma, baada ya yule mzee na kidole chake, na baada ya kunawa mikono isiyo na kitu, nilirudi nyumbani nikamkuta mama amekwisha fika. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha jikoni na baibui lake, hajalivua. Dirisha lilikuwa wazi. Upande wa pili wa uchochoro la Maalim lilikuwa wazi pia, na mtu alikuwa ameshaondoa pazia, kwa hiyo ilionekana cherehani na ukuta wa nyuma. Nilikaa chini karibu na gunia la mkaa. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Hakunitazama, alikuwa akitazama kule ng'ambo, na alipozungumza alizungumza taratibu, kama anavyowaelekeza wale wanaojifunza kuosha.

"Weye nilikusamehe siku ileile, hujamaliza hata kusema, maana ningekuweka wapi. Yeye sikuona haraka."